Huruma Yataka Elimu

Sahaba Abu Huraira alipokuwa akichunga mbuzi na kondoo wa jamaa zake alikuwa na kipaka akicheza nacho. Ndipo akaitwa jina hilo, "baba wa kipaka". Uyole, Mbeya, nako ni kwa wafugaji; katika miaka ya 1970 kituo cha kilimo cha huko kilitafiti ng'ombe wa maziwa. Basi aokotaye vipaka hukimbilia maziwa hayo. Nia njema, lakini sukari iliyomo huviharisha, na kuhara hukausha maji mwilini hata kuua. Tena tumbo lililopigwa na baridi ya Uyole halisagi chakula. Kwanza vipashe joto, kisha muulize bwana mifugo chakula kifaacho. Huruma bila elimu humdhuru yule yule tunayemhurumia.