Goa trance na siri ya ile dakika isiyo na ngoma

Leo tuweke programu kando kidogo, ingawa najijua, nitazirudia tu.

Nikikesha na kazi mimi husikiliza Goa trance ya miaka ya 1990. Wenzangu husema ni wimbo mmoja usioisha. Juzi mmoja akaniuliza: mbona dakika nzima ya kwanza hakuna ngoma, ni upepo na sauti za ajabu tu? Swali zuri, na jibu lake ni la kiufundi.

Goa iko pwani ya magharibi ya India. Vijana wa Ulaya na Marekani walianza kumiminika huko mwishoni mwa miaka ya 1960, wakicheza muziki ufukweni Anjuna hadi jua lichomoze. Katika miaka ya 1980 ma-DJ kama Laurent, Mfaransa, na Goa Gil wa California (alifariki 2023) waliacha roki wakageukia muziki wa mashine. Shida ni kwamba santuri hupinda kwa joto, tena ni nzito kusafiri nazo. Wakatumia kaseti, halafu DAT, kanda ndogo ya dijitali iliyotolewa na Sony mwaka 1987: biti 16, sampuli 48,000 kwa sekunde.

Sasa hapa ndipo patamu. Mashine ya santuri ya DJ ina kitelezi cha kubadilisha mwendo, kwa hiyo midundo ya nyimbo mbili inaweza kulinganishwa. Deki nyingi za DAT hazikuwa nacho. Basi watunzi wakaanza na kumaliza nyimbo bila ngoma, ili mmoja ufifie ndani ya mwingine bila midundo kugongana. Wanaodhani ni mapambo wamekosea, ule ni mlango!

Vifaa vyenyewe vilikuwa vya kawaida. Atari ST ya 1985, kompyuta iliyokuja na matundu ya MIDI tayari, na Roland TB-303, iliyotengenezwa kuanzia 1981 hadi 1984 ili kuiga gitaa la besi. Haikununuliwa sana, ikaishia kuuzwa mtumba, na ndiyo ile sauti inayolia kama mbu mwenye hasira. Sikiliza albamu ya Twisted (1995) ya Hallucinogen, yaani Mwingereza Simon Posford, kisha uniambie umehesabu tabaka ngapi.

Kinachoniuma ni hiki. Nyimbo nyingi zilinakiliwa DAT kwa DAT, mkono kwa mkono, na nyingine hazikuwahi kuuzwa popote. Sony ilitangaza kuacha kutengeneza deki hizo mwaka 2005. Kaseti ikichakaa hukwaruza, lakini wimbo bado unausikia. DAT makosa yakizidi hunyamaza kabisa. Lebo ndogo zimekuwa zikifukua masanduku ya zamani na kuzitoa nyimbo upya, ila kila deki inayokufa inafunga masanduku mengine.

Nimemrudishia mwenzangu jibu lake. Sasa ameomba nimnakilie.