Watu wa Milimani, Wazee Wetu: Toka Kundelungu na Kibara Hata Lubumbashi



Katika siku za jubile ni desturi kuhesabu miaka ya parokia, kuwataja mapadri na masista waliotutumikia, na kumshukuru Mungu. Lakini parokia si matofali tu. Parokia ni watu, na kila mtu ana inchi alikotoka. Hapa Karavia, sawa na katika mitaa mingine ya Lubumbashi, wako ndugu zetu ambao babu zao hawakuzaliwa mjini wala bondeni, bali juu ya milima: Basanga, Balomotwa na Bazela. Inafaa tukumbuke safari yao.

Upande wa kaskazini ya mji wetu, kati ya bonde la Lufira na bonde la Luapula, inchi inainuka kama ukuta. Ndiyo Kundelungu. Juu yake kuna uwanda wa majani wenye baridi, unaopita urefu wa meta 1,500, na huko mto Lofoi unaanguka meta zaidi ya 300 kwa mruko mmoja. Mbele zaidi, kwa njia ya Mitwaba, kuna milima ya Kibara na Mitumba.

Wengine wamezoea kusema kwamba watu wa milimani walikuwa washamba wasiojua kitu. Si kweli. Mbele ya Wazungu kufika, mafundi wa inchi hii walichimba mawe ya kijani wakati wa kiangazi, wakayayeyusha katika tanuru za udongo, wakamimina mukuba katika umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilikuwa mali ya biashara na ya mahari. Mwaka 1926 Mgr de Hemptinne aliandika juu ya mafundi hao na kuwaita «walaji wa mukuba». Kwenye Lufira watu walitengeneza chumvi ya Mwashya, iliyotafutwa mbali sana.

Mlima ulikuwa pia kimbilio. Katika karne ya 19 Msiri, aliyetoka upande wa Tabora, alijenga ufalme wake Bunkeya, akawalipisha Basanga na jirani zao kodi ya pembe, ya chumvi na ya mukuba. Biashara ya watumwa ilikuwa kali. Aliyeweza kupanda alipanda, na mapango yakawa nyumba. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, lakini amani haikuja. Mwaka uleule Bula Matari aliweka kituo chake Lofoi, chini ya Kundelungu.

Sultani mmoja wa Basanga, Mulume Niama, alikataa utawala huo mpya. Askari walimfuata, naye akaingia na watu wake katika pango kubwa, wakakataa kujitoa. Walizungukwa miezi mitatu. Askari walipoingia mwishoni, walikuta maiti 178. Kiisha waliangusha mawe na udongo juu ya mahali pale, ili pasiwe na kaburi la kukumbukwa. Hivi ndivyo kimbilio la wazee liligeuka kuwa kaburi lao.

Toka hapo njia ilikuwa moja tu, ya kuteremka. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Reli ilifika Élisabethville mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuru kubwa la Lubumbashi lilianza kuyeyusha mukuba. Ilitakiwa mikono. Kodi ilidaiwa kwa feza, na feza ilipatikana kwenye kazi. Waandikishaji walipita vijijini kutafuta vijana. Wamisionari Wabenedikti walifika mwaka 1910 na Wasalesiani mwaka 1911. Walileta shule na dawa, na mtoto aliyekwenda kusoma misioni mara nyingi hakurudi kuwa mhunzi kama baba yake. Fundi aliyejua siri ya tanuru la udongo alikuwa sasa mtu wa kupakia mawe katika tanuru la wengine.

Kiisha mlima wenyewe ulifungwa. Mwaka 1939 serikali ilianzisha Hifadhi ya Upemba, inayoshika sehemu kubwa ya Kibara. Mwaka 1970 ikafuata ile ya Kundelungu. Sheria ya tarehe 22 Agosti 1969 ilikataza kuwinda, kulima na kukaa ndani ya hifadhi za namna hiyo. Wanyama walihitaji kweli kulindwa: punda milia wa mwisho wa inchi yetu wako Upemba. Lakini mwindaji aliyefuata njia ya babu yake aliitwa mwizi kwa neno la sheria, na mahali pa kuwaheshimu wafu pakawa mahali pa kuomba ruhusa.

Mwishoni ilikuja vita. Toka mwaka 2002 hata 2006, na tena kiisha mwaka 2011, vikundi vya silaha vilichoma vijiji vya Mitwaba na Pweto. Wengi walikimbia, na safari hii hawakupanda. Waliteremka, na wengine walifika hata Lubumbashi.

Ni nini kimebaki? Dom Hadelin Roland alitoa sarufi ya Kisanga mwaka 1937. Ni kazi ya kusifiwa, lakini kitabu hakiwezi kumwimbia mtoto. Watoto waliozaliwa hapa wanasema Kiswahili na Kifransa. Kizela na Kilomotwa wanavisikia kwenye kilio na kwenye arusi. Na mzee akifa, majina ya vijito na ya vilima yanazikwa pamoja naye.

Kwa hiyo tunaomba kila jumaa ifanye kazi moja katika mwaka huu wa jubile: kumuuliza mzee wake jina la kijiji chake, la mto wake na la mlima wake, na kuyaandika katika daftari.

Lakini tusikumbuke kwa ubaya. Mwaka 1992 na 1993 ndugu wa Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi kwa neno moja, «mwenye inchi». Wazee wa milimani walijua maana ya kufukuzwa. Mtoto wao anayemfukuza jirani hajui bado historia ya nyumba yake.