'Hasi' si 'huna': Funzo la Entebbe kwa lugha ya maabara

Ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, Waswahili waliuita malale. Waganda waliuita mongota, kwa jinsi mgonjwa anavyosinzia huku kichwa kikimwinama. Majina yote mawili yaliundwa na watu waliomtazama mgonjwa kwa macho matupu, wakataja walichokiona, basi. Nitadai katika makala haya kwamba lugha tunayotumia siku hizi kutoa majibu ya maabara imepoteza adabu hiyo ya kutaja kilichoonekana na kukomea hapo, na kwamba anayeumia ni mgonjwa.

Turudi Entebbe, mwaka 1902. Malale yalikuwa yakifyeka watu kwenye ufuo na visiwa vya Ziwa Victoria. Inakadiriwa kwamba zaidi ya watu 200,000 walikufa upande wa Uganda katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Royal Society ya London ilituma tume ya madaktari watatu, na miongoni mwao alikuwamo kijana Mwitaliano, Aldo Castellani, ambaye alikuwa hajatimiza hata miaka thelathini. Castellani alichukua damu na maji ya ubongo kutoka kwa maiti, akaotesha, akatazama. Akaona bakteria waliojipanga mfano wa shanga, wale wanaoitwa streptokoka. Akawaona tena kwa maiti mwingine, na mwingine. Akaandika London kwamba chanzo cha malale kimepatikana.

Hakikuwa kimepatikana. Wale streptokoka walikuwapo kweli, hakubuni kitu, ila walikuwa wameingia mwishoni, mwili ulipokwisha kushindwa. Walikuwa kama fisi wanaokutwa kwenye mzoga: kuwakuta pale hakuthibitishi kwamba wao ndio waliomuua mnyama.

Novemba mwaka huohuo, akipima maji ya uti wa mgongo ya mgonjwa aliyekuwa bado hai, Castellani aliona kitu kinachojinyonganyonga mfano wa samaki mdogo. Ilikuwa tripanosoma. Kimelea cha aina hiyo kilikuwa kimeonekana mwaka uliotangulia katika damu ya mgonjwa wa homa huko Gambia, lakini hakuna aliyekuwa amekihusisha na malale. David Bruce alipofika Entebbe mwezi Machi 1903, alimhimiza Castellani aendelee kutafuta. Siri ya kazi ilikuwa ndogo tu, nayo ilikuwa mashine ya kuzungusha. Ukichukua maji ya uti wa mgongo ya kutosha ukayazungusha kwa kasi dakika kama kumi na tano, vimelea hushuka chini ya chupa vikakusanyika pamoja. Ukitazama lile tone la chini, unaviona. Ukitazama maji yaleyale bila kuyazungusha, pengine huoni kitu. (Castellani na Bruce walikuja kugombana kwa miaka kuhusu nani apewe sifa, na wafuasi wao wakagombana zaidi. Ugomvi huo tuwaachie.)

Sasa jiulize, msomaji wangu: yule mgonjwa ambaye maji yake yalitazamwa kabla ya kuzungushwa, angeambiwaje? Angeambiwa 'huna'? Vimelea alikuwa navyo. Ni jicho lililokuwa halijavifikia.

Historia yote ya maabara, ukiitazama vizuri, ni historia ya kulisaidia jicho. Hata jina la chombo chenyewe linasema hivyo. 'Darubini' ni neno la Kiajemi lenye maana ya kuona mbali, nalo lilikuwa la mabaharia kabla ya kuwa la madaktari. Kisha waunda istilahi wakatupatia 'hadubini' ili chombo cha kuona vidogo kitofautishwe na kile cha kuona mbali. Uamuzi mzuri, ingawa ukienda zahanati yoyote utasikia darubini au maikroskopu.

Lakini lenzi peke yake haitoshi. Bakteria wengi hawana rangi. Ni kama kutafuta kipande cha kioo ndani ya bilauri ya maji. Machi 24, 1882, Robert Koch aliposimama Berlin na kutangaza kwamba amekipata kiini cha kifua kikuu, sehemu kubwa ya ushindi wake ilikuwa rangi. Kiini hicho kina ganda lenye nta ambalo hukataa rangi za kawaida, na Koch alilazimika kuziloweka sampuli zake kwa saa nyingi. Mwaka huohuo Paul Ehrlich akagundua kwamba ganda lile gumu kuingiwa na rangi ni gumu pia kuiachia, hata ukilimwagia asidi. Franz Ziehl na Friedrich Neelsen wakaiboresha njia hiyo, na hadi leo, ukiomba kutazama makohozi katika maabara zetu nyingi, utaona kazi ya mikono yao: vijiti vyekundu kwenye uwanja wa buluu. Miaka miwili baadaye Mdenmaki Hans Christian Gram, naye akiwa Berlin, alipata njia ya rangi ambayo sasa huwagawa bakteria katika makundi mawili, wa zambarau na wa waridi. Kila mwanafunzi wa udaktari anaijua.

Na kuotesha je? Hapo shujaa wangu ni Fanny Hesse. Mumewe, Walther, alikuwa akifanya kazi na Koch, na alisumbuliwa na jelatini iliyoyeyuka kila joto lilipopanda. Fanny alikuwa akitumia aga kugandishia jeli jikoni, akamwambia mumewe ajaribu hiyo. Aga haiyeyuki kwenye joto la mwili wa binadamu, na kwa hiyo bakteria huweza kuoteshwa juu yake bila shida. Koch aliitaja aga katika makala yake ya 1882 ila hakumtaja Fanny. Lo! Aga hutokana na mwani, lakini wenzetu wa Kibuyuni kule Kwale wasikimbilie kudai fungu lao: mwani wanaoulima hutoa karagini, ambayo ni ndugu yake tu.

Pamoja na rangi hizo zote, jicho lina mpaka. Ili vijiti vya kifua kikuu vionekane kwa hadubini, inapasa makohozi yawe na kati ya viini 5,000 na 10,000 katika kila mililita. Chini ya hapo, mtaalamu hodari kabisa anaweza kutazama asione. Kuotesha hugundua viini 10 hadi 100 tu katika mililita hiyohiyo, ila majibu huchukua wiki kadhaa. Watoto, na watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, aghalabu huwa na viini vichache katika makohozi, na kwa hiyo ndio ambao hadubini huwapita mara nyingi zaidi.

Nyumbani kwetu, mzee mmoja jirani yangu alikohoa kwa muda mrefu akaenda kupimwa. Akarudi na karatasi iliyoandikwa 'hasi', na maelezo ya mdomo kwamba 'huna TB, mzee, nenda nyumbani'. Mzee akaenda nyumbani, akaendelea kulala chumba kimoja na wajukuu. Miezi ilipita kabla ya binti yake kumpeleka kwingine, akapimwa kwa mashine, kikaonekana. Aliyempima mara ya kwanza huenda aliifanya kazi yake sawasawa. Kosa lilikuwa katika tafsiri. 'Havikuonekana' iligeuzwa 'huna', na hakuna aliyemwambia mzee arudi.

Neno la upande wa pili, 'chanya', lina taabu zake. Lilikuja kwetu kupitia hisabati, kwenye namba chanya na namba hasi, na maabara ilikuwa na sababu ya kulipokea kwa kuwa fomu zake zimejaa alama za kujumlisha. (Nani hajasikia mtu akisema ana 'malaria plus mbili'?) Lakini neno halikubaki darasani. Tunasema mtazamo chanya, mabadiliko chanya, mchango chanya. Masikioni mwa Mswahili wa leo, chanya ni jambo jema. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anafanya kazi zahanati, aliniambia kisa cha mama mmoja aliyesomewa 'majibu ni chanya' akainua mikono kumshukuru Mungu. Ikabidi aanze upya kumweleza. "Prof," akaniuliza, "huyo mama utamlaumu vipi?" Simlaumu. Amekielewa Kiswahili jinsi kinavyosemwa.

Isitoshe, 'chanya' hufunika tofauti ambayo mgonjwa anastahili kuijua. Chukua kipimo cha homa ya matumbo kinachopendwa sana katika kliniki zetu, kile chenye majibu ya 1:80 au 1:160. Fernand Widal alikieleza mwaka 1896 kule Paris. Kipimo hicho hakimtafuti bakteria mwenyewe. Hutafuta kingamwili, yaani nyayo za mwizi, na nyayo hizo zaweza kuwa za mwaka jana, au za mwizi mwingine mwenye viatu vya aina hiyo. Vilevile kile kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu kwenye kijibati cha plastiki, aghalabu hutambua protini ya kimelea, na protini hiyo yaweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Vyote hivi tunaviita 'chanya', sawa na makohozi ambamo vijiti vyekundu vimeonekana kwa macho. Mgonjwa atajuaje kwamba haya si mamoja?

Pendekezo langu ni jepesi na halihitaji kikao cha waunda istilahi. Tuseme 'viini vimeonekana' na 'viini havikuonekana' pale jicho lilipotazama. Pale palipotafutwa kingamwili, tuseme 'dalili za kinga zimepatikana', na daktari aeleze ni za lini. Wapo watakaosema ati maneno haya ni marefu. Ni marefu, naam, lakini mgonjwa haulizwi afupishe kikohozi chake.

Mwenzangu mmoja wa Isimu alinipinga kwamba teknolojia imeshaipita hoja hii, kwa kuwa mashine kama GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiidhinisha mwaka 2010, haitumii jicho kabisa. Hutafuta chembe za urithi za kiini, na kwa muda wa saa mbili hivi hukwambia pia kama kiini hicho ni sugu kwa rifampisini. Hakuna kinachoonekana humo. Basi nikamwomba aitazame karatasi ambayo mashine hiyo hutoa. Haiandiki chanya wala hasi. Kwa Kiingereza chake, huandika kwamba kiini kimegunduliwa, au hakikugunduliwa.