Karabini: bunduki fupi, lakini si bunduki ya mchezo

Wengi wakisikia neno "karabini" wanafikiri ni bunduki ndogo, yenye nguvu kidogo. Si vile.

Karabini ni bunduki ya askari yenye mtutu mfupi kuliko ile ya kawaida. Ilianza kwa askari wapanda farasi wa Ulaya, sababu juu ya farasi bunduki ndefu inasumbua. Kiisha ikapewa watu wa mizinga, madereva na wengine ambao kazi yao ya kwanza si kupiga masasi. Mu 1941 Marekani ilikubali karabini M1 kwa watu kama hao. Iko nyepesi, kilo 2 na nusu hivi, na zaidi ya milioni 6 zilitengenezwa. Risasi yake kweli ni dhaifu.

Lakini SKS ya Mrusi Simonov, ya mwaka 1945, inaitwa pia karabini, hata kama urefu wake unapita metre moja! Inabeba masasi 10, na ni yale yale ya Kalash: 7.62 × 39. Kalash, yenye santimetre 87 hivi na masasi 30, ndiyo iliichukulia nafasi. Na M4 ya Wamarekani ni M16 yenye mtutu uliopunguzwa, kutoka santimetre 51 mpaka 37. Risasi haikubadilika.

Mu Kongo, wazee wanakumbuka FAL ya Ubelgiji, iliyotumiwa na ANC kisha uhuru. Nayo ni 7.62, ila risasi yake ni ndefu zaidi, × 51, na haiingie mu Kalash. Hapo watu wanachanganya sana.

Kwa mkaaji wa mtaa, basi, urefu wa bunduki si kitu. Risasi ndiyo ya kuogopa. Ile ya Kalash inapita ukuta wa mbao, kama wa nyumba nyingi za Goma. Masasi yakilia, kulala chini nyuma ya ukuta mnene wa mawe ni afadhali kuliko kujificha nyuma ya mlango. Na risasi inayopigwa hewani, iwe kwa furaha ao kwa kutisha watu, lazima irudi chini, bati haliizuie.

Mkataba wa Kinshasa wa 2010, ulioanza kufanya kazi mu 2017, unaomba nchi za Afrika ya kati zitie alama juu ya silaha ndogo ndogo, karabini pia. Bunduki iliyofutwa namba, ni vigumu kujua ilitoka depo ya nani.