Uyoga unaoota wenyewe: Sheria humkamata nani?

Mvua za masika zinaponyesha katika mashamba ya Unguja, uyoga huchomoza chini ya miti na juu ya kinyesi cha ng'ombe bila ya kupandwa na mtu. Mwingine huliwa, mwingine ni sumu. Lakini duniani zipo pia aina zinazomfanya mlaji aone na kusikia mambo yasiyokuwepo, nazo zimewapa watunga sheria kazi ngumu kwa zaidi ya miaka 50.

Suala lenyewe ni hili: vipi kitu kinachoota chenyewe kitapigwa marufuku, bila ya kumtia hatiani mtu asiyejua kilichomo ndani yake?

Msingi wa sheria nyingi ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu kemikali zinazoathiri akili. Mkataba huo uliiweka silosaibini, kemikali iliyomo katika uyoga huo, kwenye Jedwali la Kwanza lenye masharti makali kuliko mengine. Kemikali hiyo ilitenganishwa mwaka 1958 na mwanakemia wa Uswisi, Albert Hofmann.

Hata hivyo, uyoga wenyewe haukutajwa katika majedwali ya mkataba. Aidha, Kifungu cha 32 kiliziruhusu nchi kuweka pingamizi kwa ajili ya mimea ya porini inayotumiwa kijadi na vikundi vidogo katika ibada zao. Mexico ni miongoni mwa nchi zilizoitumia nafasi hiyo.

Tofauti hiyo baina ya kemikali na kiumbe kinachoibeba ilizusha mabishano mahakamani. Mwaka 1978 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya jimbo la Florida, Marekani, ilitengua hatia ya mtu aliyekutwa na uyoga aliouchuma porini. Majaji walisema sheria iliitaja silosaibini, lakini haikumwonya mwananchi wa kawaida kwamba uyoga unaoota malishoni unaweza kuwa nayo.

Nchini Uingereza uyoga mbichi uliuzwa waziwazi madukani hadi Julai 18, 2005, ilipoanza kutumika sheria mpya iliyoutaja uyoga wenyewe, mbichi na mkavu. Kanuni zilizofuatana nayo zilimkinga mwenye ardhi ambaye uyoga umejiotea kwake, na pia anayeuchuma kwa nia ya kuuangamiza au kuukabidhi kwa wahusika. Uholanzi nayo iliupiga marufuku uyoga huo Desemba 1, 2008.

Zanzibar, ambayo ina sheria yake ya dawa za kulevya mbali na ile ya Tanzania Bara, mzozo wa aina hii unajulikana zaidi kupitia jani kuliko uyoga. Jani hilo ni mirungi.

Kathinoni, kemikali iliyomo katika mirungi mibichi, iliingizwa katika Jedwali la Kwanza la mkataba huo wa 1971 mwaka 1986. Mti wa mirungi, kama ulivyo uyoga, haukuwekwa humo. Kila nchi ikaachiwa iamue, na majirani wakaamua kinyume. Kenya inaitambua miraa kuwa zao halali la biashara, linalowalisha wakulima wa Meru. Tanzania, Bara na Visiwani, imeipiga marufuku.

Athari yake ni kubwa kwa msafiri. Furushi linalouzwa kwa uhuru katika mitaa ya Mombasa hugeuka ushahidi wa kosa la jinai likifika bandari ya Malindi, Mji Mkongwe. Anayelibeba hawezi kujitetea kwamba alikotoka linaruhusiwa, wala kwamba ni majani tu yaliyotoka shambani.

Baraza la Wawakilishi lilipitisha sheria ya kudhibiti dawa za kulevya mwaka 2009, na mwaka 2021 ikaja sheria nyengine iliyounda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya Zanzibar.

Lakini kupigwa marufuku si kipimo pekee cha hatari. Mfano ni mnanaha, mmea wenye maua mfano wa tarumbeta na matunda ya miba, unaojiotea kandokando ya njia na katika viwanja vilivyoachwa. Haumo katika majedwali ya mikataba ya kimataifa, ijapokuwa una atropini na skopolamini, kemikali zinazoweza kumfanya mtu aweweseke na hata kupoteza maisha. Mtoto anayechezea mbegu zake havunji sheria yoyote, lakini anaweza asipone.

Kwa upande wa pili, kilichopigwa marufuku kinaweza kurudi kwa mlango wa hospitali. Tangu Julai 1, 2023, Australia imewaruhusu madaktari bingwa wa akili walioidhinishwa kuwaandikia silosaibini wagonjwa wa sonona iliyoshindikana kwa dawa nyengine.

Kwa mkaazi wa Unguja, tahadhari ni mbili. Kwanza, kuota porini hakukifanyi kitu kuwa halali: sheria haimshitaki mwenye shamba kwa mvua iliyonyesha, bali humwangalia anayechuma, anayeweka, anayesafirisha na anayeuza. Pili, uyoga au mmea usiojulikana usiliwe. Aliyekula kisha akakauka kinywa, akapanuka mboni za macho, moyo ukamwenda mbio au akaanza kuweweseka, apelekwe hospitali mara moja pamoja na mabaki ya alichokula, ili daktari ajue la kufanya.