Majitaka Yalivyopata Wasafishaji Wake

Kiangazi cha mwaka 1858, uvundo wa mto Thames uliwashinda hata wabunge wa Uingereza, wakatundika madirishani mapazia yaliyoloweshwa dawa ya klorini ili wapate kupumua. Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikubwa ya majitaka chini ya London, kazi iliyookoa maisha ya wengi. Hata hivyo, mifereji ile haikusafisha kitu: iliuhamishia uchafu Beckton na Crossness, karibu zaidi na bahari, ukamwagwa mtoni kama zamani. Fununu ya usafishaji wenyewe ilitoka Ufaransa mwaka 1877. Wanasayansi Schloesing na Müntz walipitisha majitaka polepole kwenye mchanga na chokaa, na baada ya siku kadhaa amonia ikageuka nitrati. Walipoingiza mvuke wa klorofomu, mageuzi yakakoma. Walipoongeza maji yaliyochujwa kwenye udongo hai, yakaanza tena. Mchanga, basi, haukuwa msafishaji. Waliosafisha ni viumbe hai, na ukiwaua uchafu unabaki palepale. Jaribio hili linastahili kufundishwa shuleni sawa na ugunduzi wa vijidudu vya maradhi.

Mwaka 1914 huko Manchester, wanasayansi Ardern na Lockett walipuliza hewa ndani ya majitaka, na mwanzoni yalichukua wiki tano hivi kusafika. Lakini tope lililotuama hawakulitupa. Walilimiminia majitaka mapya, tena na tena, bakteria wakazidi kuongezeka humo hadi kazi ya wiki ikamalizika kwa saa chache. Miji mingi duniani ingali inatumia njia hiyo.

Atauliza mtu: kipindupindu nacho si kazi ya bakteria? Ndiyo, na ndiyo maana maji ya kunywa hutiwa klorini. Ila klorini huua tu, haigeuzi tani kwa tani za kinyesi ziwe kitu kisicho na madhara. Katika mabwawa ya Dandora, yanayopokea majitaka ya Nairobi, mwani hutoa oksijeni, bakteria huitumia kula uchafu, na jua pamoja na siku za kutuama hupunguza vijidudu vya maradhi. Kwa hiyo anayemwaga kemikali za kiwandani kwenye mfereji wa majitaka anawaua wasafishaji wa jiji zima, na walioko upande wa chini wa mto ndio watakaokunywa matokeo. Mamlaka zetu zimhesabu kuwa mhalifu wa afya ya umma, na zimshitaki hivyo.