Runinga na milango yake miwili

Leo naweka programu kando kidogo nizungumzie kifaa ambacho kila mmoja wetu anadhani anakijua: runinga ya sebuleni. Watu husema kwamba intaneti imebadilisha runinga kwa sababu sasa unatazama unachotaka, saa unayotaka. Ni kweli, lakini naona hiyo ni nusu tu ya habari. Badiliko kubwa zaidi ni kwamba picha zimepata mlango wa pili wa kuingilia nyumbani. Ngoja nianzie mwanzo.

Runinga ilifika Kenya mwaka wa 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Kwa karibu miaka 28 mtangazaji alikuwa mmoja tu, lile shirika lililoitwa Voice of Kenya, kisha mwaka wa 1989 likarudia jina la KBC. KTN ilipoanza mwaka wa 1990 ndipo watu wa Nairobi walipopata stesheni ya pili ya kuhamia wakichoshwa na ya kwanza.

Ukiitazama kwa jicho la fundi, runinga ya mawimbi ni kazi nzuri sana. Mlingoti mmoja unapeleka picha mara moja, na nyumba kumi au milioni moja zinaipokea bila kumwongezea mtangazaji hata senti. Nawe mtazamaji hulipi kwa kila dakika. Lakini muundo huo una jambo moja: kila kitu kinapitia kwenye mlingoti, masafa na leseni. Anayeshika mlingoti ndiye anayeshika sebule yako.

Mimi nilizaliwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nikakulia Voi. Antena yetu ilifungwa kwenye mti mrefu nyuma ya nyumba. Picha zikijaa chenga, kaka alitoka kwenda kuuzungusha ule mti, nami nikasimama dirishani kupeleka ujumbe. "Hapo?" "Bado! Umepita, rudi kidogo!" Nina hakika wengi wenu mmeifanya kazi hiyo. Saa moja usiku ilikuwa taarifa ya habari kwa Kiswahili, na mama hakutaka kusikia sauti ya mtu. Ratiba ya stesheni ndiyo iliyokuwa ratiba ya nyumba. Tulikula na hata kulala kwa kuifuata.

Wakati huo intaneti ilikuwa wapi? Ilikuwa angani. Hadi mwaka wa 2009 pwani yetu ya Afrika Mashariki haikuwa na waya wa faiba wa baharini, kwa hivyo data nyingi ya kwenda ng'ambo ilipitia setilaiti. Setilaiti za aina hiyo hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi lako lipande huko lishuke, jibu nalo lipande lishuke: hiyo ni karibu nusu sekunde kabla hujapata hata herufi moja. Tena bei yake ilikuwa ya kutisha. YouTube ilianza mwaka wa 2005, na mwaka wa 2007 Netflix ikaanza kupeleka filamu kwa intaneti huko Marekani. Kwetu ungefungua video ya dakika tatu kwenye saiba ukalipia dakika thelathini, na bado usiione yote.

Kulikuwa na shida nyingine isiyosemwa sana. Barua pepe ya kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi nyingine ya mtaa uo huo iliweza kusafiri hadi ng'ambo na kurudi, kwa sababu kampuni za intaneti hazikuwa na mahali pa kukutania hapa nyumbani. Novemba 2000 kampuni hizo zilijenga kituo cha pamoja cha kubadilishana data, KIXP. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya peke yake ya kupitisha data ya kimataifa, ikalalamika, na baada ya wiki mbili hivi kituo kikafungwa. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Likumbuke jambo hili: mlango wa pili ulifungwa hata kabla runinga haijaanza kuupitia.

Julai 2009 waya wa SEACOM ulianza kazi, ukiingilia Mombasa. Mwaka huo huo TEAMS, waya uliotoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, nao ukafika Mombasa. EASSy ukafuata mwaka wa 2010. Data ikapanda bara kuelekea Nairobi, kisha taratibu faiba ikaingia mitaani na kwenye majumba ya kupanga.

Lakini waya peke yake haukutosha. Wataalamu walibadilisha pia jinsi ya kupeleka video. Badala ya faili moja kubwa, video hukatwa vipande vya sekunde chache, na kila kipande hutayarishwa kwa ubora tofauti: duni, wa wastani na wa juu. Kifaa chako hupima kasi ya mtandao na kuomba kipande kinachofaa. Ndiyo maana picha huwa na ukungu kwa muda kisha ikasafika, badala ya kusimama kabisa. Tena kampuni kubwa za video huweka seva za akiba karibu na watazamaji, ili filamu inayopendwa isilazimike kuvuka bahari kila mara.

Tarehe 6 Januari 2016 Netflix ilifungua huduma katika nchi zaidi ya 130 kwa mpigo, Kenya ikiwemo. Kabla mwezi haujaisha bodi ya kuainisha filamu ilikuwa imeshalalamika. Unaona? Filamu zilikuwa zimeingia nyumbani bila kupitia kwenye mlingoti wa mtu yeyote.

Mwaka mmoja nyuma, Februari 2015, nchi ilikuwa inahama kutoka mawimbi ya analogi kwenda ya dijitali. Kwa karibu wiki tatu NTV, KTN na Citizen hazikuonekana hewani kwa sababu ya mvutano kuhusu uhamaji huo. Mama alinunua king'amuzi akasubiri.

Sasa nifike kwenye siku iliyonifanya niandike haya. Tarehe 30 Januari 2018 Raila Odinga alikuwa anakula kile kiapo chake Uhuru Park. Serikali ikazima NTV, KTN na Citizen nchi nzima. Mimi nilikuwa mwanafunzi Nairobi, nimekaa kwenye bweni na laptopu. Mama akapiga simu kutoka Voi.

"Mwanangu, hiki king'amuzi kimekufa ama ni runinga?"

"Si king'amuzi mama. Wamezima stesheni."

"Sasa wewe umejuaje?"

Nilijua kwa sababu stesheni ile ile iliyokuwa giza kwake ilikuwa hai mbele yangu. Watangazaji waliendelea kurusha matangazo moja kwa moja kwenye YouTube na Facebook. Nami nilikuwa na Wi-Fi ya chuo, yeye alikuwa na kabambe isiyoweza kufungua hata ukurasa. Nikampigia, nikaiweka simu kando ya spika ya laptopu. Kwa karibu saa nzima runinga ya mama ilikuwa simu yangu. Mahakama Kuu iliamuru stesheni zirudishwe, lakini NTV na KTN zilikaa gizani karibu wiki nzima, na Citizen zaidi ya hapo.

Siku hiyo nilielewa kitu ambacho shahada ya kompyuta haikunifundisha. Sisi wawili tulikuwa raia wa nchi moja, tunatazama stesheni moja, lakini mimi nilikuwa na milango miwili naye alikuwa na mmoja. Tofauti haikuwa akili wala hamu ya kujua. Ilikuwa bei ya data.

Hebu tupige hesabu. Saa moja ya video ya ubora wa kawaida inaweza kula hadi GB 1, na ya HD hadi GB 3. Nyumba inayotazama saa nne kila siku itahitaji hadi GB 120 kwa mwezi kwa ubora wa kawaida, na hadi GB 360 kwa HD. Hakuna mama mboga atakayenunua hizo kwa bando la simu. Faiba isiyo na kikomo inaweza, lakini faiba huenda kwanza kule kwenye wateja wengi wenye pesa. Antena haikumuuliza mtu mshahara wake.

Wala msidhani kwamba mlango wa pili hauna kufuli. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika, na Afrika Mashariki nzima ikaona mtandao ukikokota. Tarehe 25 Juni 2024, siku vijana walipoingia bungeni, intaneti ilishuka vibaya. Kampuni kubwa ya simu ilisema ni hitilafu ya nyaya mbili za baharini, na wengi hawakuridhika na jibu hilo.

Tarehe 25 Juni 2025, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza stesheni ziache kuonyesha maandamano moja kwa moja, na NTV na KTN zikazimwa hewani. Mahakama ikasimamisha agizo hilo siku iyo hiyo. Safari hii mimi nilikuwa barabarani, sina habari. Aliyenipigia ni mama. "Wamezima tena," akasema, "lakini mimi natazama kwa ile Wi-Fi yako."

Nilikuwa nimemwekea intaneti nyumbani nilipoanza kupata mshahara. Fundi aliyekuja kuifunga alitaka kuing'oa antena, akasema haina kazi tena. Nilimkataza.

Huo ndio ushauri wangu kwenu. Mkiweza kuvuta faiba, vuteni. Mkiweza kuwavutia wazazi, afadhali zaidi. Lakini antena msiitupe. Mawimbi hayana bei kwa mtazamaji na hayategemei waya wa baharini. Intaneti nayo haitegemei mlingoti. Siku mmoja ukifungwa, utafurahi kwamba nyumba ina mwingine. Kwa leo naishia hapo.